Kesho ya Fundi

Saa kumi kasoro dakika tatu alasiri, wakati mtaa mzima umejifungia ndani ukipiga miayo, mtangazaji aliyependwa kuliko wote katika redio ile aliingia kabatini, akavuta mlango.

Usicheke. Tangu ugonjwa uingie mjini na kituo kuamuru kila asiyeshika mitambo abaki kwao, hiyo ndiyo ilikuwa studio yake: katikati ya magauni ya mama yake na makoti ya marehemu baba yake, amekalia kigoda cha jikoni, kompyuta mapajani, maiki inaning'inia kwenye henga, blanketi mbili zimetundikwa nyuma ya mgongo. Humo ndani mlinuka dawa ya nondo, na joto lake lingeweza kuumua unga. Lakini sauti iliyotoka humo ilikuwa safi hata mkuu wa vipindi akauliza binti huyu amekodi studio ya nani.

Kazini walimwita Saa Kumi, kwa sababu taarifa ya habari ya saa kumi ilikuwa yake na hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Nipe sauti," alisema mwanamume mmoja masikioni mwake, kupitia hedifoni.

"Moja, mbili, tatu. Leo kuna joto, Sekunde. Koti la baba linanikumbatia."

"Mwambie ahsante. Nakusikia."

Huyo ndiye Sekunde, fundi mitambo wa kituo. Alipewa jina hilo kwa sababu katika miaka yote ya kazi yake hakuna taarifa iliyowahi kuchelewa hata kwa sekunde moja. Kwa miaka mitatu walifanya kazi na kioo katikati yao. Kila siku, kabla ya saa kumi, Sekunde alikuwa akiinua vidole vitano na kuvikunja kimoja kimoja, na kidole cha mwisho kilipokunjwa alimtazama binti yule machoni, naye akaanza kusoma. Hawakuwa wameambiana neno. Lakini mwanamke anayetazamwa namna ile kila siku hahitaji kuandikiwa barua, na Saa Kumi hakuwa mjinga.

Sasa kioo hakipo na macho hayapo. Zilikuwa zimepita siku sabini na tatu, na kilichobaki ni lile neno moja la kazi: nakusikia. Alikuwa akiamka kwa ajili ya neno hilo.

Alisoma taarifa yake vizuri, dakika kumi kamili. Mara moja tu, alipofika kwenye habari za shule, kutoka jikoni kulisikika kwiii ndefu. Hakushtuka. Ule ulikuwa mlango wa jikoni, na mlango huo una hadithi yake.

Baba yake alikuwa seremala. Mwaka jana bawaba ya mlango huo ilipoanza kulia, mama alimwambia aitengeneze, naye akajibu, "Kesho, mke wangu." Usiku huo moyo wake ulisimama. Tangu siku hiyo mama hakuruhusu mtu ausogelee mlango ule na mafuta. Saa Kumi alishamweleza Sekunde jambo hilo siku ya kwanza kabisa ya kabati, na Sekunde akasema tu, "Basi iacheni ilie." Sauti ile ilikuwa ikienda hewani, lakini kabla ya marudio ya saa moja jioni yeye mwenyewe aliifuta kwa mkono, kila siku, bila kulalamika.

Taarifa ilipokwisha, mlango wa kabati ulifunguliwa kutoka nje. Kichwa cha mama kikachomoza kati ya magauni.

"Umemaliza kusema na watu?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi sasa sema na mimi. Mama Daktari amepiga simu. Yule kijana wake wa meno amekuulizia tena."

Saa Kumi alivua hedifoni, akazining'iniza juu ya blanketi. "Kijana ana miaka arobaini na moja, mama."

"Daktari wa meno hazeeki. Wanataka kuja Ijumaa. Tutakaa barazani, kila mtu na barakoa yake, mbalimbali kama tulivyoambiwa. Posa haiogopi ugonjwa."

Mahali fulani mtu alikohoa. Saa Kumi alidhani ni jirani.

"Waambie wasije."

"Kwa sababu gani? Nipe sababu moja niwape watu wazima wenzangu." Mama alishika kiuno. "Au ni yule fundi wako wa nyaya?"

Binti alikaa kimya. Na kwa mama, kimya cha mtangazaji ni jibu refu kuliko taarifa ya habari.

"Nilijua! Mwanangu, mimi nimekaa na fundi miaka thelathini na mbili. Fundi hasemi sitaki. Fundi husema kesho. Rafu za jikoni, kesho. Meza ya kulia, kesho. Mji mzima umekalia viti vya baba yako, sisi tukakalia mkeka tukiingoja kesho. Na nilimpenda, Mungu anajua. Lakini nimengoja, mwanangu. Maisha yangu yote nimengoja. Hata huo mlango..." Akavuta pumzi, kifua kikambana, akavuta tena. "Sitaki ungoje kama mimi. Basi."

Yule jirani akakohoa tena, mara mbili.

Saa Kumi alisimama. Kusimama ndani ya kabati si jambo rahisi; kofia ya baba ilimwangukia kichwani. Hakuiondoa.

"Mama, kabati hili lilijengwa na nani?"

"Baba yako, nani mwingine? Mwaka aliponioa."

"Lina msumari hata mmoja?"

Mama alisita. "Halina," akasema, na hata katika hasira zake shingo yake ilinyooka kidogo. "Lote ni viungo. Hata karatasi haipiti."

"Basi nisikilize. Redio nzima imehamia majumbani kwa watu. Mmoja anasoma bafuni, mwingine chini ya meza, na kila mmoja anasikika kama yuko ndani ya sufuria. Mimi nasikika. Nasikika kwa sababu ya fundi mmoja aliyekufa na fundi mmoja aliye hai, na simwonei aibu hata mmoja. Daktari wa meno ni mtu mzuri, ang'oe meno kwa amani. Mimi nampenda fundi. Nampenda, mama, na sijamwambia hata yeye mwenyewe."

Safari hii kikohozi kilikuwa kikubwa, cha mtu anayekaribia kuzimia. Na hakikutoka kwa jirani. Kilitoka juu ya blanketi.

Mama na mwana walitazama hedifoni. Kisha wakatazama maiki. Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka, hakina habari.

"Kwamba kuta zina masikio nilijua," mama alinong'ona. "Kumbe na makabati."

Saa Kumi alizivaa zile hedifoni kama mtu anayevaa moto. "Sekunde?"

"Maiki iko wazi," ilisema sauti masikioni, taratibu mno.

"Tangu lini?"

"Tangu 'umemaliza kusema na watu'."

"Ee Mola wangu. Imekwenda hewani?"

"Hapana, hapana. Hewani kuna muziki. Nimesikia peke yangu."

"Na umekaa kimya!"

"Nimekohoa mara nne! Siku hizi mtu akikohoa mara moja soko zima linakimbia. Wewe peke yako ndiye hukukimbia." Kisha mzaha ukamtoka. "Nakusikia. Umesikia? Nakusikia. Sasa naomba uniunganishe na mama."

Mama alizipokea hedifoni kwa ncha za vidole, akazivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa. Saa Kumi hakuweza kusikia upande wa pili, kwa hiyo alibaki kumsoma mama yake usoni.

"Marahaba," alisema mama, kwa sauti kavu. "Ndiyo, ni mimi... Usiombe radhi, mdomo ulikuwa wangu... Unataka nini?... Eeh?" Akageuka, macho yamemtoka, akifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Umemsikia? Anasema anataka kuja kuniona. Lini? Kesho! Haya, niambie mimi nimesema nini?" Akairudia maiki. "Kesho saa ngapi, baba?... Saa nne. Sawa. Njoo saa nne. Ikipita hata kidogo, Ijumaa napokea wageni wengine. Mimi sina kesho ya pili."

Saa Kumi angeweza kukataa. Alikuwa na umri wake na kazi yake. Lakini hakutaka kuolewa kwa kumpita mama yake mlangoni, na mama alilijua hilo. Sasa kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye saa nne.

Asubuhi alibadilisha gauni mara mbili, kisha akakumbuka kwamba kwa barakoa hakuna kinachoonekana cha maana ila macho, akayaosha tena. Mabasi yalikuwa yamepunguzwa. Sekunde aliishi upande wa pili wa mji, na zamu yake kituoni ilianza alfajiri. Saa tatu na dakika hamsini mama alitoa kile kigoda cha jikoni barazani, akakaa, akaishusha ile saa ya ukutani na kuiweka mapajani kama mtoto.

"Mama, mpaka saa ya ukutani?"

"Naitazama tu. Haikatazwi."

Dakika zikatembea. Saa nne kasoro mbili. Kasoro moja. Saa Kumi alikuwa amesoma habari za mafuriko na za vifo bila kutetemeka, lakini sasa alihesabu sekunde akazikosea. Mshale mrefu ulipogusa juu kabisa, geti liligongwa mara tatu.

Mama alitazama saa. Akaitikisa kidogo, akaiweka sikioni kuhakikisha haijasimama.

"Fungua," alisema.

Sekunde alikuwa amesimama hatua nne nyuma ya geti, barakoa usoni, mkoba wa kazi begani, baiskeli imeegemezwa ukutani, shati limelowa jasho. Alimtazama Saa Kumi. Siku sabini na nne. Aliinua mkono, akavikunja vidole kimoja kimoja, na cha mwisho kilipokunjwa macho yalikuwa yale yale, ila sasa hakukuwa na kioo. Saa Kumi alishika nguzo ya geti.

"Shikamoo, mama," Sekunde alisema, akitazama barazani.

"Marahaba. Umefika sasa hivi?"

"Hapana, mama. Nimefika saa tatu na nusu."

"Na hiyo nusu saa ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Juani? Ukifanya nini?"

"Nangoja. Niliambiwa saa nne."

Mama alimtazama toka kichwani hadi viatuni. "Fundi anayengoja," akasema polepole. "Mafundi ninaowajua mimi ndio wanaongojwa."

"Kazi yetu haina kesho, mama. Saa kumi ikifika na mimi sijawa tayari, nchi nzima inasikia ukimya."

Saa Kumi aliona kona ya jicho la mama ikicheza. Lakini mama hakuwa mtu wa kuyeyuka kwa sentensi moja. Macho yake yaliangukia mkoba, na uso ukakunjamana.

"Na huo mkoba? Umekuja kuutengeneza mlango wangu ili nikupende? Nakuonya mapema, huo mlango haugusiki."

"Sijaja kuugusa. Mkoba natembea nao tu. Mlango naujua, mama. Ni bawaba ya chini."

"Nani kakwambia ya chini?"

"Nimeisikiliza siku sabini na tatu. Ukiufungua taratibu, inalia ndefu. Ukiwa na hasira, inalia fupi. Jana baada ya taarifa ulipokwenda jikoni ililia fupi sana."

Saa Kumi alicheka ndani ya barakoa. Mama hakucheka, ila aliishika kwa nguvu ile saa yake.

"Sasa kama inakuharibia kazi, mbona hukuleta ujumbe tuitie mafuta?"

"Niliambiwa ni ya mzee. Kitu cha fundi mwenzangu sikigusi bila ruhusa." Sekunde alivuta hatua moja mbele, akakumbuka, akarudi palepale. "Mama, mimi sikumwona mzee hata siku moja. Lakini wenzangu wote kituoni wanahangaika na sauti za watu wao, wanasafisha mwangwi mpaka usiku. Mimi natoka mapema. Lile kabati halivuji. Kila siku saa kumi nakaa kwenye mitambo yangu, na ni kama kuna mtu yuko upande wa pili ameshanimalizia nusu ya kazi. Sikumjua, lakini nafanya kazi naye."

Mtu mwingine angedhani mama hakusikia. Saa Kumi, aliyemjua, aliona kidole gumba cha mama kikipita juu ya kioo cha saa, kikifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Alilijenga miezi kumi na moja," mama alisema baadaye. "Watu walimcheka. Walisema mke ataingia uzeeni kabla kabati halijaisha. Siku lilipoletwa, mtaa mzima ulikuja kuligonga kwa vidole." Akainua kichwa. "Usione vyaelea, vimeundwa."

"Kweli kabisa, mama."

Mama alisimama, akaiweka saa sakafuni. Akavuta pumzi ndefu, kisha akasema jambo ambalo Saa Kumi hakulitarajia hata katika ndoto.

"Ingia. Chukua mafuta yako, uje uutengeneze ule mlango."

Geti lilikuwa wazi. Mwanamume mwingine angeruka. Hapo palikuwa na posa, nyumba na mke, vyote katika neno moja: ingia. Saa Kumi alisogea pembeni kumpisha.

Sekunde hakusogea.

"Siingii, mama."

"Umesemaje?"

"Natoka kituoni. Tuko watu wanane pale, tunapokezana viti na vitasa. Wiki iliyopita mmoja wetu alilazwa. Na wewe una kifua."

"Nani kakwambia nina kifua?" Mama alimgeukia binti yake kwa ukali.

"Si yeye," Sekunde alisema. "Jana ulipokuwa unagomba, ulivuta pumzi mara mbili katikati ya sentensi. Usiku sikulala. Nikiingia leo nitakuwa nimeutengeneza mlango nikaiharibu nyumba. Ugonjwa ukiisha, siku ya kwanza watakayosema tutembeleane, saa nne kamili nitakuwa hapa, na mafuta, na wazee wangu. Lakini leo hapana." Akasita. Alijua anachotaka kusema na alijua kitasikikaje. "Ni kesho, mama. Nisamehe. Itabidi iwe kesho."

Saa Kumi alifumba macho. Neno lile! Kati ya maneno yote ya lugha hii, ametamka lile!

Ukimya ulikuwa mrefu kuliko wowote aliowahi kuusikia redioni. Alipofumbua macho, mama alikuwa amekaa tena, mkono mmoja kifuani, na macho yake yalikuwa na maji.

"Miaka thelathini na mbili," mama alisema, "nimeambiwa kesho kwa sababu ya kazi za watu. Ni mara ya kwanza naambiwa kesho kwa sababu yangu." Alijifuta kwa upindo wa kitambaa. "Haya. Nenda kazini, utachelewa. Na upitie kivulini, si jua hilo."

Sekunde alipoondoka, Saa Kumi alisimama getini mpaka baiskeli ikapotea kwenye kona. Ndani, mama alikuwa ameshika simu, na alipiga kelele kama wafanyavyo watu wazima wasioiamini simu.

"Mama Daktari? Ijumaa msihangaike, dada yangu. Eeh. Tumeshapata mtu... Hapana, si daktari. Ni fundi." Akasikiliza, na mgongo wake ukanyooka. "Fundi wa nini? Fundi! Nami nilikuwa mke wa fundi, au umesahau unakalia viti vya nani hapo ulipo?"

Saa kumi ilipofika, Saa Kumi alikuwa kabatini, koti la baba begani.

"Nipe sauti," alisema Sekunde.

"Moja, mbili, tatu. Mama kafuta Ijumaa."

Upande wa pili kulikuwa na kitu kama pumzi iliyokuwa imezuiwa tangu asubuhi. "Nakusikia," alisema, na akaanza kuhesabu kwa sauti, tano, nne, tatu, kwa sababu vidole vyake havikuonekana.

Saa Kumi alisoma vizuri kuliko siku zote. Na katikati ya habari za hali ya hewa, bila haraka, mlango wa jikoni ulilia. Ilikuwa kwiii ndefu na ya taratibu, ndefu kuliko siku zote.

Jioni, saa moja, mama aliwasha redio sebuleni kusikiliza marudio. Walikaa pamoja kwenye mkeka, wakinywa chai. Habari za shule zikapita, za soko zikapita. Ilipokaribia hali ya hewa, mama aliweka kikombe chini, akainamisha kichwa. Saa Kumi alijua kwamba hapo patakuwa safi, kama kila siku. Sekunde hakuwahi kuacha hata mkwaruzo.

Kwiiii.

Ilipita katika redio ya sebuleni, na ya jirani, na ya nyumba ya nyuma, wakati mmoja.

"Hajaifuta," Saa Kumi alisema, hakuamini.

Mama alinyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, ingawa mlango ulikuwa umeshanyamaza.

"Kwa nini aifute?" alisema. "Ni kazi ya fundi."